Walijenga, Walijengesha

Siku moja mwezi wa Agosti nilimlipa mtu mmoja mara mbili anisimulie hadithi moja. Asubuhi alinisimulia kwa Kiingereza, mimi nikiwa ndani ya kikundi cha watalii. Alasiri akanisimulia kwa Kiswahili, nikiwa peke yangu. Ukuta ni uleule, mizinga ni ileile, jua tu ndilo lililohama upande. Lakini nilitoka pale na hadithi mbili, na tangu siku hiyo sijaacha kuzilinganisha.

Mahali penyewe ni Fort Jesus, Mombasa. Kama umewahi kushuka na treni ya SGR ukiwa na marafiki, bila shaka una picha umekaa juu ya mzinga. Mimi pia ninayo. Nilikuwa kidato cha pili, tumeletwa na basi la shule, na nilichokumbuka baadaye ni joto na soda. Safari hii nilikwenda kusikiliza.

Kazi yangu humu kwa kawaida ni kuhakiki vitabu. Sasa kwa nini nisihakiki matembezi? Yana mwanzo, yana kilele, yana mhusika mkuu. Yana msimulizi anayeijua hadhira yake kuliko mwandishi yeyote ninayemfahamu, maana yeye akiboesha, bakshishi inapungua palepale. Na yana wasikilizaji wengi kuliko riwaya zetu zote. Kitabu cha historia ya Pwani husomwa na wachache. Hadithi ya pale langoni husikilizwa kila siku, mwaka mzima, na kila mtu huondoka akidhani ameijua Mombasa. Kitu chenye nguvu hiyo kinastahili kuhakikiwa, tena kwa heshima.

Nilikuwa pia na sababu ya nyumbani. Nyanya yangu, mzaliwa wa Mombasa aliyezeekea Nairobi, hakuwa akisema Fort Jesus. Alikuwa akisema Ngomeni, na kwake Ngomeni hapakuwa mahali pa kutembelea. Baba yake alifungwa humo enzi za mkoloni kwa ajili ya kodi. Alikaa miezi kadhaa, akatoka, akarudi kwenye kazi yake ya bandarini. Kuhusu kifungo chenyewe, ni jambo moja tu alilosema ambalo lilifika hadi kwangu: kwamba usiku alikuwa akiisikia bahari na haioni. Basi. Urithi wote ni sentensi hiyo.

Mwongozaji wetu alikuwa mtu wa makamo, kofia ya vito kichwani, shati limepigwa pasi. Vijana wa tuktuk walimsalimia kwa kumwita "gaidi," ule mzaha wa kulivuta neno la Kiingereza mpaka litoke na maana nyingine kabisa. Hakujali. Mimi nilimwita mjomba, naye akaniita binti yangu, tukaelewana.

Asubuhi tulikuwa saba: familia ya Wajerumani wanne, vijana wawili Waholanzi, na mimi. Alitupanga kwenye kivuli, akangoja kila mtu anyamaze, kisha akaanza na mwili. Ukiitazama ngome hii kutoka juu, alisema, utaona mtu amelala chali. Hiki hapa kichwa, kimeelekea baharini. Hii ni mikono, ile ni miguu. Wajerumani wakaangalia juu kana kwamba wangeweza kupaa wakahakikishe. Akawapa mchoraji, Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Akawapa miaka, 1593 hadi 1596. Akawapa idadi ambayo ndiyo uti wa mgongo wa hadithi yake nzima: ngome hii ilitekwa na kupotezwa mara tisa.

Mara tisa! Msimulizi yeyote angeipenda namba hiyo. Inaahidi vita, inaahidi mwendo, na inampa msikilizaji kitu cha kuhesabu. Kuanzia hapo kila tulipopiga kona palikuwa na mwenye ngome mpya. Mreno, Mwomani, Mreno tena, Mwomani tena, Wamazrui, Sultani wa Zanzibar, Mwingereza. Alijua lini pa kushusha sauti na lini pa kutania. Alipofika kwenye mizinga aliwaacha watoto waipande. Alipofika penye michoro ya meli ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani kupoteza muda, aliwaambia kwamba hata zamani vijana walichafua kuta, na kila mtu akacheka. Nilicheka pia. Jamaa anajua kazi yake, sitasema vinginevyo.

Lakini nikiwa mhakiki naanza kuuliza: katika hadithi hii mhusika mkuu ni nani? Si watu wa Mombasa. Mhusika mkuu ni jengo lenyewe, na kila anayeingia humo anahesabiwa kwa kigezo kimoja, je, alilimiliki? Aliyelimiliki ana jina na bendera. Asiyelimiliki hayupo. Ni historia iliyoandikwa kama hati ya kiwanja. Wenyeji wa mji walitajwa asubuhi ile mara mbili. Mara ya kwanza walikuwa "wakazi" walioteseka kwa njaa na maradhi wakati wa vita. Mara ya pili walikuwa mafundi wa milango ya kuchonga, tulipotoka nje kuingia Mji wa Kale.

Halafu kuna kile kitenzi. Kwa Kiingereza alisema Wareno walijenga ngome. Ndivyo vitabu vinavyosema, ndivyo kibao kinavyosema, wala si uongo. Ila Kiingereza kinamruhusu aliyetoa amri na aliyebeba jiwe wakae ndani ya kitenzi kimoja bila mmoja kumwona mwenzake. Mfalme hujenga, mhandisi hujenga, kibarua hujenga. Nani atauliza?

Saa sita nilikaa kwenye kivuli na chupa ya maji kusubiri zamu ya pili. Likaingia basi la wanafunzi wa msingi, sare za samawati, madaftari mkononi. Mwalimu wao, mchangamfu sana, aliwapanga palepale tulipopangwa sisi asubuhi.

"Nani alijenga Fort Jesus?"

"Warenooo!"

"Mwaka gani?"

"Elfu moja mia tano tisini na tatuuu!"

Vizuri, akasema, andikeni. Wakaandika. Nikaona penseli zote zikienda pamoja, na nikajua kwa nini suala hili si la watalii peke yao. Mjerumani atarudi kwao, ndani ya mwezi Wareno na Waomani watakuwa wamemchanganyikia. Mtoto wa Kisauni au wa Likoni ataibeba ile sentensi maisha yake yote. Hadithi iliyopimwa imtoshe mgeni wa dakika 45 ndiyo anayopewa mwenyewe wa mji, ikiwa imetafsiriwa.

Saa tisa tulianza upya, mimi na mjomba. Nilimwambia: nisimulie kama ungemsimulia jirani yako. Akanitazama kidogo, akavua kofia, akajipepea nayo. Hakuanza na mtu aliyelala chali. Alianza hivi:

"Hii ngome, binti yangu, Wareno waliijengesha."

Sidhani alilichagua neno hilo. Lilikuja tu, kwa sababu Kiswahili kina nafasi yake. Jenga, jengesha, jengeshwa. Silabi moja inaongezeka na picha nzima inageuka. Kwenye "walijenga" namwona Mreno peke yake na ukuta wake. Kwenye "walijengesha" lazima pawe na mtu mwingine, yule aliyejengeshwa, hata kama hatajwi. Kitenzi chenyewe kinamdai. Nikamuuliza mjomba, waliwajengesha kina nani? Akaniangalia kama niliyeuliza swali la kitoto. "Nani mwingine wa kubeba mawe? Watu." Akapiga ukuta kwa kiganja. Ni mawe ya matumbawe, ukikaribia unaona alama za viumbe wa baharini ndani yake. Mchoraji ana jina, nahodha ana jina, na juu ya lango kuna maandishi ya Kireno ya karne ya 17 yanayomsifu nahodha mmoja kwa kuitiisha miji ya Pwani. Waliobeba wana kiambishi tu. Lakini kiambishi ni bora kuliko bure.

Kutoka hapo hadithi ilikwenda njia nyingine. Asubuhi, mwaka 1631 ulikuwa "maasi." Alasiri ulikuwa na mtu ndani yake: Yusuf bin Hassan, mtoto wa mfalme, aliyepelekwa Goa akiwa mdogo, akabatizwa, akapewa jina la Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa kutawala chini ya Wareno. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua nahodha, akarudi kwenye Uislamu na kwenye jina lake. Mjomba aliyasema hayo tukiwa tumekaa juu ya ngazi, polepole, kama mtu anayezungumzia msiba wa jirani. "Fikiria," aliniambia, "mtoto analelewa na waliomvunjia nyumba."

Kisha tukafika kwenye kuzingirwa. Asubuhi sehemu hii ilikuwa namba: Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu, wakaingia. Mizinga, tauni, njaa, bendera. Nikamuuliza kama anajua habari za Bwana Daud wa Faza. Akatabasamu. "Wewe umesoma." Kumbe anajua, na anajua vizuri kuniliko.

Nikupe habari yenyewe kama huijui, maana ni katika mambo makubwa yaliyowahi kutokea ndani ya zile kuta. Katikati ya mwaka 1697 tauni ilikuwa imewamaliza askari wa Kireno waliokuwa ngomeni. Aliyebaki kuishika ni Daud, Mswahili wa Faza, kisiwani Pate, pamoja na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hao ndio waliolinda kuta mpaka msaada wa Wareno ulipowasili Septemba. Wanawake 50. Ukihesabu vizuri, katika majuma yale wengi wa walinzi wa ngome hii maarufu ya Wareno walikuwa wanawake Waafrika.

"Mbona asubuhi hukuwataja?" nikamuuliza.

Alifikiri kabla ya kujibu. Akasema mgeni akifika kwenye kuzingirwa ameshachoka na jua. Anataka mzinga, anataka upepo, anataka kujua choo kiko wapi. Ukimwambia Mswahili alikuwa upande wa Mreno anachanganyikiwa, anauliza maswali, na kikundi cha pili kinangoja langoni. "Hadithi nyepesi ndiyo inayotembea, binti yangu. Nzito inakaa."

Hili ndilo jibu la kiuhakiki la maana kuliko yote niliyoyasikia siku ile, na limetoka kwa msanii mwenyewe. Tumezoea kudhani hadithi mbovu ya historia inatokana na ujinga. Hapa hakuna ujinga. Kuna umbo. Matembezi ya dakika 45 yanalipwa kwa kichwa na kwa bakshishi, na umbo hilo linachuja. Linapitisha chochote chenye bendera moja kwa wakati mmoja, na kuacha chochote chenye watu waliosimama pande mbili. Daud hapiti. Yusuf anapita nusu. Wale wanawake hawapiti kabisa, kwa sababu kumbukumbu zimewapa idadi bila majina, na msimulizi hawezi kumwonyesha mtalii idadi.

Sasa, nisije nikakudanganya kwamba hadithi ya alasiri haina kasoro. Ilinipendeza, ilinitia joto, na hapohapo ndipo ilipoanza kunitia wasiwasi. Kwa Kiingereza mjomba alikuwa akisema "wao" kwa kila mtu. Kwa Kiswahili alianza kusema "sisi." Sisi tulijengeshwa. Sisi tulizingirwa. Waomani walikuja mwaka 1698 wakatutoa mikononi mwa Wareno. Niliipenda ile "sisi," nikajiona nimo. Lakini sisi gani?

Mwaka 1728 watu wa Mombasa waliochoshwa na askari wa Oman walishirikiana na Wareno kuwatoa, na Wareno wakarudi ngomeni. Mwaka uliofuata, 1729, watu haohao waliwatoa Wareno kwa mara ya mwisho. Hao ni sisi au ni wao? Daud wa Faza ni sisi? Jamaa zake wa Pate waliokuwa upande wa Oman je? Na katika mji huu wa biashara walikuwako watumwa, wa kununuliwa na wa kuuzwa, waliomilikiwa na watu waliosema Kiswahili kizuri kuliko changu. Ukisema "sisi" haraka unawaingiza mwenye mtumwa na mtumwa chumba kimoja na kufunga mlango. Kiingereza cha asubuhi kiliwafuta watu. Kiswahili cha alasiri kiliwakumbatia wote kwa pamoja, na kukumbatia kwa nguvu namna hiyo kunaweza kuziba mdomo pia. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Kweli, lakini jirani yangu nikimwambia hayo tutagombana." Kumbe kila hadhira ina kile isichotaka kuuziwa.

Niseme kidogo kuhusu nje ya ngome, maana matembezi ya asubuhi hayakuishia langoni. Tulipita Ndia Kuu, barabara ambayo Wareno waliiita La Raposeira. Jina lao limebaki vitabuni. Lile la Kimvita ndilo lililo ukutani mpaka leo, "ndia" badala ya "njia," wala hakuna aliyelitafsiri. Tulioneshwa milango, baraza, msikiti wa Mandhry, na mwishowe, bila shaka, duka la manukato na vinyago. Mlangoni mwa nyumba moja kijana wa Kiholanzi aliinua simu apige picha dirisha la mbao. Ndani palikuwa na mama. Alilifunga dirisha taratibu, bila hasira, kama mtu afungavyo dirisha kila siku saa hiyo. Mjomba akaendelea kueleza habari za mbao. Sikumlaumu yeyote, ila niliona kwamba lile dirisha lilikuwa jibu pekee la mwenyeji katika matembezi yote ya asubuhi.

Na sasa jela.

Katika hadithi ya Kiingereza jela ilichukua sentensi moja: Waingereza waliitumia ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, kisha ikawa makumbusho. Miaka 63. Ni muda mrefu kuliko ule tuliokaa tangu uhuru hadi shangazi yangu mdogo alipostaafu. Kabla ya hapo mjomba alikuwa amefanya kile kipande kinachopendwa na wageni, cha maneno ambayo Wareno walituachia: meza, bendera, leso, kasha. Kila mtu anafurahi kusikia kwamba vita viliacha meza. Lakini neno moja halikuwemo kwenye orodha, na ndilo ambalo lingebeba hadithi yote.

Neno hilo ni gereza. Wanaochunguza asili ya maneno hulirudisha kwenye Kireno cha kanisa, igreja. Ndani ya ngome palikuwa na kanisa, na jina la kanisa likahamia kwenye ngome yenyewe. Kiswahili cha zamani kilipotaja gereza kiliweza kumaanisha ngome, na Kilwa Kisiwani ile ngome ya ufukweni bado inaitwa Gereza. Ngome zikafanywa mahali pa kufungia watu, na neno likafuata. Kanisa, ngome, kifungo. Karne za Pwani zimekaa ndani ya neno ambalo mtoto wa darasa la tatu analijua, na hakuna haja ya kibao. Mjomba alipolisikia hili kutoka kwangu alilirudia mara mbili kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu. Nadhani atalitumia. Natumaini hivyo.

Nikamwambia habari za baba yake nyanya. Alinyamaza. "Miaka yote hii," alisema, "wa kuniuliza habari za jela ni wachache. Wa kuniambia mtu wake alikuwemo, ni wewe." Akanichukua tukazunguka tena, tukitafuta mahali ambapo mtu angeweza kuisikia bahari asiione. Nikuambie ukweli, ni karibu kila mahali. Ukuta ni mrefu na bahari iko nyuma yake. Tulisimama hapa, tukasimama pale, yeye akisema labda huku, mimi nikisema labda. Hatukupata chumba wala pingu. Tulipata tu kwamba sentensi ya mzee ilikuwa sahihi, na kwamba mtalii anayepanda juu ya buruji kupiga picha ya bahari anafanya jambo ambalo mfungwa hakuweza kulifanya.

Afrika Kusini, kule Robben Island, waliokuwa wafungwa wa kisiasa wamekuwa wakiwaongoza wageni wenyewe tangu makumbusho yalipofunguliwa miaka ya 1990. Mtu anakusimamisha mbele ya seli na kusema mimi nililala hapa. Ni umbo lenye nguvu kuliko lolote, na lina mwisho wake, kwa kuwa wasimulizi hao wanazeeka. Kwetu muda huo umepita. Aliyefungwa Fort Jesus mwaka wa mwisho akiwa kijana wa miaka 20, leo amevuka 80. Tuliobaki ni sisi wa sentensi moja, tuliosikia kutoka kwa nyanya jikoni.

Najua kuna atakayesema: dada, tulia, watu wako likizo. Amelipa, anataka upepo na picha, usimletee mtihani. Naelewa, na mimi nikienda likizo sitaki kuhubiriwa. Lakini hadithi ya wanawake 50 juu ya ukuta inachosha vipi? Hadithi ya mfalme aliyerudi kuchukua jina lake ni mtihani gani? Matembezi ya asubuhi hayakukosa mambo matamu ya kusimulia. Yaliyaacha mezani yakala yaliyo rahisi. Kiburudisho na ukweli havigombani pale ngomeni. Kinachogombana na ukweli ni haraka.

Basi hukumu yangu ni hii. Hadithi ya Kiingereza niliyoisikia ina ufundi mkubwa na moyo mdogo. Ya Kiswahili ina moyo mkubwa, na inahitaji mtu wa kuibishia. Ningependa kumsikia mjomba akiisimulia ya tatu, yenye mwendo wa ile ya kwanza na kitenzi cha ile ya pili, na ambayo haikimbilii "wao" wala "sisi" kabla ya kuuliza ni nani. Si lazima iwe ndefu. Dakika kumi zaidi zingetosha, na dakika kumi ni muda tuliotumia dukani kwa manukato.

Sisi wa Nairobi tunaoshuka kwa treni tuna kazi yetu pia. Omba usimuliwe kwa Kiswahili. Lipa vizuri, usilipe bei ya "mimi ni mwenyeji" halafu ukadai hadithi ya kifalme. Uliza walijengeshwa kina nani. Msimulizi hubadilika kwa maswali anayoulizwa, na kama miaka yote anaulizwa choo kiko wapi, atakuonyesha choo.

Tulipoagana langoni mjomba alitoa simu yake. Akaniambia angependa kuwataja wageni habari za yule mzee wetu, kama familia haina neno. "Aliitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeshinda siku nzima nikilalamikia watu wasiokuwa na majina, wabeba mawe, wanawake 50, wafungwa wa miaka 63. Na mimi nyumbani nilikuwa nimemjua kama Baba Yake Nyanya. Nyanya alifariki 2019. Sikuwahi kumuuliza.

Nilimpigia mama kutoka kwenye tuktuk. Alitaja jina moja, akasita, akataja la pili, akasema ngoja nimuulize mjomba wako wa Changamwe, yeye ndiye mwenye vile vyeti vya zamani. Bado tunangoja. Mjomba wa ngomeni naye anangoja, ameniandikia mara mbili kuuliza.